Tarakimu ya Sita

Fomu ya ripoti ina visanduku vinne:
Tarehe. Aina ya tukio. Hasara. Hatua iliyochukuliwa.
Bwana Kegode anaitaka mezani kabla ya saa kumi
na anaitaka fupi.

Basi: Ijumaa, tarehe ishirini na nane, siku ya malipo ya majani,
chama cha akiba cha wakulima, tawi la Mudete.
Mvua imekuwa ikipiga mabati tangu saa tano
hadi wateja wanasemezana kwa kupaza sauti
na salio la mtu linasikika mlangoni.

Simu ikalia kaunta ya pili.
Sauti ya mwanamume, safi, haina haraka,
ikamwamkia Kadenyi kwa Kimaragoli cha jikoni kabisa,
ikamuulizia mama yake, na goti la mama yake.

(Hilo goti halimo katika mtambo wetu wowote.
Tuliliweka wenyewe mtandaoni, na picha,
tulipokuwa tukichanga pesa za hospitali.)

"Ni mimi wa makao makuu, kitengo cha mitambo.
Kuna mwizi ndani ya akaunti zenu sasa hivi.
Nisaidie nimfungie. Umetumiwa namba sita. Nisomee."

Ndivyo mwizi anavyobisha hodi siku hizi:
anapiga yowe la mwizi.

Kadenyi akasoma. Saba.
Mbili. Mbili. Sifuri.
Tisa.

Mbele yake Jerida Vugutsa alikuwa ameweka kidole
juu ya kioo kidogo chenye mwanga mwekundu
na mashine inamkataa. Kidole hakitambuliki. Jaribu tena.
Akakifuta kwa leso. Hakitambuliki.
Akajaribu cha kushoto, akakipulizia kama kaa la moto.
Miaka thelathini na mmoja ya majani mawili na chipukizi
imelamba mistari yote ya vidole vyake,
imeacha ngozi laini kama kijiko cha zamani.

Ndipo akainamia dirisha, akasema kuishinda mvua,
bila hasira, kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Mwanangu, na huyo unayemsomea namba,
yeye ameweka kidole wapi?"

Kadenyi akanyamaza.
Tarakimu ya sita ikamnasa kama mbegu ya pera jinoni.
Sauti safi ikamsihi, ikamwita dada,
kisha ikamtukana mama yake,
yule yule wa goti.

Mimi nilifika nimechelewa, kama ada yetu.
Nikafunga njia, nikabadilisha nywila, nikazima mashine tatu.
Chini ya kikombe cha Bwana Kegode nikakuta kikaratasi:
jina la kifunguamimba wake na mwaka aliozaliwa.
Hilo halina kisanduku.

Kwenye semina nilifundishwa kuipima hatari,
uwezekano mara madhara,
nyekundu, njano, kijani.
Sikufundishwa rangi ya uso wa msichana
anayeulizwa na wenzake, "Kwani ulisoma ngapi?"
na wanaomcheka ndio hao
wanaoazimana nywila kama kalamu.

Nikimfukuza, atakayekosea kesho hatasema.
Atameza tano, atameza sita,
nasi tutakuja kujua wakati wa kufunga vitabu.

Hatua iliyochukuliwa:
nimeandika, Kadenyi abaki, awafundishe wengine.
Nimefuta. Nimeandika tena, kwa kalamu ya wino.

Hasara: hakuna.
Isipokuwa Jerida Vugutsa aliondoka na mvua yake
bila shilingi, mfumo umefungwa hadi Jumatatu.
Nimeufunga mimi. Elfu kumi na moja na mia nne zake
ziko salama, hata yeye hazifikii.

Kwenye kioo cha mashine alama yake bado ipo:
duara dogo la unyevu,
halina mstari hata mmoja.