Kuhesabu Kimya

Irmeli haogopi mkoromo.
Miaka thelathini amelala ubavuni pake
kama jirani wa kiwanda cha mbao.
Anachoogopa ni pale unapokatika.

Moja. Mbili. Tisa.
Nje, theluji ya Oulu inashuka bila haraka.
Kumi na nane. Kifua cha Tauno kinahangaika,
hewa haiingii: mlango unasukumwa
na mtu ameuegemea kwa ndani.
Ishirini na saba,
halafu mkwaruzo, mfurukuto, blanketi chini,
na mwenyewe hana habari.

Asubuhi kichwa kizito, kahawa vikombe vinne,
presha haisikii dawa.
Jumanne alisinzia akiendesha gari la kuzoa theluji;
nguzo ya taa ndiyo iliyomwamsha.
"Uzee," akasema.

Daktari hakusema uzee.
Alisema koo linajifunga, damu inakosa oksijeni,
na moyo unakurupushwa usiku kucha
kama zimamoto anayepigiwa king'ora kila dakika.
Moyo huo utachoka.

Sasa kuna mashine, na barakoa.
Tauno analalamika kuwa amekuwa rubani.
Pumzi inakwenda, inarudi.
Irmeli yu macho bado,
anahesabu,
hajui aachie wapi.