Faili la Tabia

Nimeliita tabia, faili hili,
mistari arobaini na miwili.
Ukilifuta, msaidizi wa chama chetu cha kahawa
anabaki mdomo mtupu:
maneno anayo, adabu hana.

Wanasema tabia ni ngozi.
Hapa Mbale, chumba cha juu ya duka la mbolea,
mimi Khainza naishona ngozi hiyo kwa vidole,
naivua, naishona tena,
chai ikipoa kando ya kipanya
na Wanale dirishani ikiteremsha uzi wake mweupe wa maji.

Juma la kwanza niliandika: *Kuwa mchangamfu.*
Akachangamka hadi karaha.
"Swali zuri mno, mkulima mpendwa!"
akamwambia Mzee Wamimbi wa Bududa
aliyeuliza kwa nini malipo ya Novemba hayajafika.
Mzee alimjibu kwa neno moja.
Mashine imelihifadhi; mimi silirudii.

Juma la pili: *Kuwa mkali. Sema kwa ufupi.*
Akageuka matroni wa bweni letu,
yule aliyehesabu vipande vya sabuni.
Watu wakaacha kuuliza.
Gidudu akashangilia: "Ona, makosa yamepungua!"
Yamepungua, ndiyo,
kama yanavyopungua makaburini.

Kisha ule usiku.
Nilibadilisha mambo saba kwa mpigo,
sikujaribu hata moja,
na penye nafasi ya kueleza nilichofanya
nikaandika: *marekebisho.*
Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua rolex
ya mayai mawili, nikajiona fundi.

Asubuhi Nabifo wa Sironko aliuliza
kuhusu buni zake zinazooza zikiwa bado mtini.
Msaidizi, kwa sauti ya asali,
akamwagiza vifuniko kumi vya dawa
panapotosha kimoja.
Nabifo hakunyunyiza. Alinipigia simu.
"Mwanangu, huyu mtu wenu
amewahi kushika bomba mgongoni?"

Siku mbili nilitafuta kosa.
Lipi kati ya yale saba?
Niliuliza maandishi yangu mwenyewe, yakanijibu:
*marekebisho.*
Nilikuwa nimejisemesha
kama mtu anayemfukuza mgeni mlangoni.

Na mstari wa tisa, kwa mkono wangu, ulisema:
*Fikiri kabla ya kujibu.*
Nani aliniandikia mimi huo?

Siku hizi nabadilisha kitu kimoja,
kama chumvi kwenye malewa ya karanga:
chembe, onja, ngoja.
Nina daftari la maswali ya wakulima, la Nabifo liko mbele,
na hakuna kinachotoka chumbani humu
kabla hakijapita mbele ya daftari hilo.
Naandika kwa nini, si nini tu,
kwa ajili ya Khainza wa mwezi Machi
atakayekuja amechoka, hakumbuki kitu,
naye ni mtu wa kuheshimiwa.
Umeme ukikatika namsomea Gidudu mistari gizani, kwa sauti.
Unaonitia haya mdomoni naukata.

Imebaki kumi na mmoja.
Mmoja wao: *Usipojua, sema sijui.*
Huo ulinichukua muda mrefu kuliko yote,
maana kila nilipougeuza
alitafuta pa kujificha, akajifanya anajua kidogo.

Jana Nabifo alimuuliza
kama mvua itawahi kabla hajaanua kahawa kwenye turubai.
Akamjibu: "Sijui. Huko kwako unaonaje?"
Sikumfundisha hilo la pili.
Nabifo akaandika kirefu, kwa herufi kubwa zote,
habari za wingu upande wa Bulambuli,
za siafu waliohama jikoni,
za goti lake la kushoto.

Nimesoma mara tatu.
Sijui kama ni kosa au ni neema.
Gidudu anasema tuuongeze mstari huo upesi.
Mkono umefika kwenye kitufe.
Nimeurudisha pajani.
Ni saa sita ya usiku, na chai imeota utando.
Kesho nitasoma tena.