Hati ya Kijikasha

Mnunuzi alikuja Kitanzini na glavu nyeupe,
mvua ya Machi ingali inachuruzika batini.
Akakiweka mezani juu ya gazeti,
akakigeuza kama muuguzi amgeuzavyo mtoto wa mwenzie.
"Mbao ya Italia," akasema. "Chokaa, jani la dhahabu.
Na nakshi hii ilikandwa kwa miski,
ili bibi harusi akifunua, chumba kinukie."
Nikanusa.
Kilinuka moshi wa mlingoti
na ugoro wa bibi.

Ubavuni mwanamume kapiga goti.
Mwanamke anamnyooshea kitu, ua au moyo,
hatujui; mende walishakula kiganja.
Utotoni tulikubaliana ni kitumbua.

Akafungua daftari. "Nataka mlolongo wa wamiliki."
Mwanzo alikuwa nao: harusi moja ya Ferara,
mjane, wakili wa madeni, duka la vikorokoro Torino,
kisha Otavio, seremala, aliyekuja kuezeka
Tosamaganga, kijikasha kimejaa misumari.
Chini yake kaandika: haijulikani.

Haijulikani?
Kalamu unayo. Andika.

Andika Eufrasia Mgovano, binti wa wagema ulanzi,
aliyemfulia Otavio mashati miezi saba
kwa ahadi.
Siku ya kuondoka akamwachia hiki.
Watu wakasema ni mapenzi, wakatunga na kisa.
Bibi mwenyewe, akisukutua ugoro:
"Mapenzi gani? Shilingi arobaini na mbili."

Andika stakabadhi za kodi ya kichwa za babu,
mbegu za pareto ndani ya kitambaa,
kitovu cha mama, kikavu kama tangawizi.
Andika mama, Kresensia, aliyekificha darini
mumewe asikigeuze pombe,
kisha mwaka wa njaa, mwenyewe,
akakipeleka rehani kwa Luvanda kwa debe mbili za mahindi.
Alikikomboa kwa vikapu tisa vya milulu.
Vidole vyake havikunyooka tena vizuri.
Andika na hivyo vidole.

Halafu mimi, Veneranda.
Jumla miaka themanini na mmoja.
Harusi yako ya Ferara, kwa karatasi zako mwenyewe,
ilikaa nacho miezi ishirini.

Akaandika, polepole.
Akauliza Mgovano huandikwaje.
Kisha akataja bei:
paa jipya, ada ya watoto wawili hadi kidato cha sita,
na salio.
Sitadanganya, mkono wangu ulitangulia mdomo.

"Ila ongeza," nikasema, "arobaini na mbili.
Mstari wake peke yake.
Jina la Eufrasia mbele."

Akacheka. Akaniona.
Akavua glavu, akapekua mfuko huu, mfuko ule,
koti, suruali, pochi yenye noti mpya tupu.

Hakuwa na chenji.