Mfuko Ni Mia Mbili

Sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, kiberiti.
Hesabu imekubali, noti imenyooshwa,
halafu mimi, kwa sauti niliyojifunza kuipunguza:
"Na mfuko? Mfuko ni mia mbili."

Hapo ndipo watu wa Isevya hubadilika.
Aliyekuwa akiniita mwanangu
ananiita nyinyi.
Nyinyi siku hizi. Nyinyi wa madukani.
Kana kwamba nilikaa na serikali meza moja
tukaupanga mfuko huu, rangi yake na mikono yake.

Mwalimu Kasanda hulipa elfu arobaini bila kuuliza bei ya mchele,
lakini mia mbili huitaka ijieleze.
"Nimenunua vyote hivi, Kalunde, na cha kubebea ninunue?
Ukimwalika mtu chakula, unamuuzia sahani?"
Foleni inaguna. Mmoja anasema, kweli.
Nami nasema kweli, moyoni,
maana tajiri yuko karibu.

Shagembe wa bodaboda hakubishana.
Alivua helmeti, akapanga ndani mayai kumi na mawili,
akaondoka kichwa wazi kuelekea Kiloleni.
Trafiki walikuwa kona ya kwanza.
Jioni alirudi kunihesabia faini kwa mifuko:
"Kalunde, leo nimelipia mifuko mia na hamsini."
Na mayai?
"Mayai yalifika. Yote."

Sijasahau rambo.
Zilikuwa bure, nasi tukazitunza kama vitu vya bure.
Kando ya reli zilichanua juu ya michongoma,
buluu na nyeusi, masika na kiangazi.
Mjomba wangu alipasua mbuzi
akatoa donge la rambo, kubwa kama kichwa cha mtoto,
akaliweka juu ya gogo la nyama.
Siku ile hakuuza hata utumbo.
Hilo nalijua. Kila aliye kwenye foleni analijua,
hakuna anayezililia rambo.
Wanachouliza ni hiyo mia mbili: inakwenda wapi?
Nami najua inakokwenda.
Inakwenda kwenye droo, upande wa kushoto,
pamoja na wenzake.

Jumatatu akaja Bi Nyanzala
na mfuko alioununua kabla ya Mfungo,
umefuliwa, umekunjwa mara nne kama kanga ya sandukuni.
"Nimemaliza kuutumia. Nipe mia mbili yangu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Chupa ya soda nikiirudisha mnanipa hela.
Mfuko umekosa nini?"

Nikamwita tajiri.
Tajiri akasema, mama, mfuko ni wako, uliununua.
"Kama ni wangu, mbona una jina lako?"
Akalipitishia kidole, herufi kwa herufi,
pamoja na namba ya simu.
"Nimezunguka mji mzima na jina lako mkononi,
mpaka msibani Cheyo nimekutangazia.
Kati yetu, nani alipaswa kumlipa mwenzake?"

Tajiri akatafuta simu yake, ambayo haikuwa ikilia.

Bi Nyanzala akaukunjua mfuko,
akaugeuza ndani nje kama firigisi ya kuku,
jina likabaki tumboni.
Akatia humo nusu kilo ya chumvi, akaenda zake.

Tangu siku ile nawaona kupitia dirishani,
mmoja, halafu watatu, halafu nikaacha kuhesabu,
wakishuka barabarani na mifuko isiyosema kitu,
mishono nje.
Tajiri anaamini mchapaji alitumia wino mbovu.

Usiku nafika kwangu, nafunga mlango.
Nyuma yake kuna msumari, na kwenye msumari
mifuko kumi na mmoja, mipya,
ninayorudi nayo ikiwa na mboga, ikiwa na mkate,
mara nyingine ikiwa mitupu.
Hakuna aliyewahi kuniuliza:
na mfuko?