Wa Nyuma Kabisa

Jina lake Sikudhani, na kweli hakuna aliyedhani.
Mwaka ule wa kwanza, ukumbi wa kiwanda cha nguo, Ubungo,
bwana utamaduni aliuliza, "Nani atacheza bibi kizee?"
Msichana wa miaka kumi na tisa, pamba bado imeganda nyusini,
akakunja mgongo palepale, akakohoa.
Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka:
kikohozi kile alikiazima kwa bibi yake, Mbagala,
kama mtu anavyoazima sufuria.

Mimi nilikuwa mnong'onezaji.
Kazi yangu giza, daftari na tochi,
kudaka neno kabla halijadondoka.
Miaka thelathini na moja nimetazama michezo yote kwa nyuma:
visigino vyake, zipu iliyoshikwa na pini,
jasho linavyochora ramani mgongoni.
Ninyi mlimwona analia.
Mimi nilimwona anavyokaza vidole vya miguu
kabla chozi halijatoka.

Kusoma alikuwa hajui vizuri.
Nilimsomea mara mbili; ya tatu alinisahihisha.

Hakuwahi kucheza bibi harusi.
Mama mkwe, mchawi, mwenye nyumba anayedai kodi usiku wa matanga.
Enzi za mchezo wa redio, sokoni Tandale,
muuza nyanya aligoma kumuuzia:
"Kamwombe radhi mkweo kwanza!"
Akarudi nyumbani bila nyanya, anaimba njia nzima.
Cheti kingine hakuwahi kupewa.

Miaka ya foleni, sabuni kwa kadi, unga kwa kujuana,
tulikuwa na onyesho lenye karamu.
Maandishi yalisema: wanakula, dakika mbili.
Ugali ulikuwa wa kweli, dagaa wa kweli,
basi dakika mbili zikawa kumi na tano,
kila mtu anabuni maneno apate tonge jingine.
Nikanong'ona, "Mgeni abishe hodi! Mgeni abishe hodi!"
Mgeni mwenyewe kashaingia, ananawa.
Mara mtoto wa safu ya mbele akapanda jukwaani,
kanyoosha mkono. Ukumbi kimya.
Sikudhani hakupepesa hata kope:
"Mjukuu wangu huyo! Ulikuwa wapi siku zote?"
Akammegea, akampakata mpaka pazia.
Kesho yake gazeti likasifu uigizaji wa mtoto.

Kiwanda kikauzwa. Pazia tukagawana kama mirathi;
kipande changu hadi leo kimeziba mlango wa choo.
Ikaja televisheni, zikaja kanda, zikaja sidii,
uso wake ukatandazwa Kariakoo juu ya turubai,
filamu tatu kwa elfu mbili,
mwenyewe kalipwa nauli na soda.
Amekufa mara ishirini na mbili.
Wajukuu hubishana kama ile ya nyoka ihesabiwe,
maana sehemu ya pili alifufuka.

Juzi wamemfuata vijana wawili, Kigogo,
na simu, na taa ya duara.
"Dakika moja tu, mama. Lile la 'Nyumba hii nimeijenga mimi.'"
Akavuta pumzi kutoka magotini, akalitoa.
Kuku wakatawanyika. Jirani akachungulia, kuna nini?
"Punguza sauti, mama. Maiki ipo hapa, kwenye kola."
"Na yule wa nyuma kabisa atasikiaje?"
"Hakuna wa nyuma, mama."

Akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi.
Mimi namjua wa nyuma:
kuli wa bandarini, kachelewa, kiti hana,
kaegemea mlango, vumbi la saruji kichwani.
Hakujua jina lake. Kila neno alimpelekea yeye,
sisi wengine tulisikia njiani.

Wakahesabu: tatu, mbili, moja.
Akatazama juu ya simu, ukutani, penye kalenda ya mwaka juzi.
Kimya. Kimya kirefu kuliko dakika yao.
Mkono wangu ukapapasa daftari ambalo halipo,
nikafungua mdomo nimnong'oneze,
ndipo nikaona, ndani ya kandambili,
vidole vya miguu vinakaza.