Somoe, Watu Wawili

Huku kwetu Newala gunia la korosho lina heshima zake.
Linapimwa chamani, linapigwa namba,
linashuka Mtwara na karatasi yake,
na mnunuzi akiuliza, hata usiku,
ghala linajibu: hili limetoka Mkunya,
daraja la kwanza, unyevu wake huu.

Somoe Nalyoto alishuka kwa barabara ileile
na mimba ya miezi tisa na homa,
akafika Mtwara hana alikotoka.

Sisemi kwa kejeli. Karani ni mimi.
Kompyuta ya wazazi iko mlango wa nne,
ya maabara mlango wa tano.
Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya,
lakini zenyewe hazijawahi kupigiana hodi.
Moja huanza tarehe na mwaka, nyingine na siku.
Ya bima haimtambui mtu asiye na majina matatu.
Ya dirisha la dawa humjua mke kwa simu ya mumewe.
Kati yao nakimbia mimi, na kalamu, na ndala
iliyolika kisigino upande wa kulia.

Mwaka huu wakaja vijana wawili na waya,
Nambunga na mwenzake Fidea,
wakakaa wiki sita wakizifundisha mashine kusalimiana:
mimi nikisema hivi, wewe elewa hivi,
damu yangu na damu yako iwe damu moja.
Kazi si waya, alisema Fidea,
kazi ni kukubaliana maneno.
Nikacheka. Hapo hapo ndipo posa hukwama.

Usiku ule mtoto alilia vizuri,
homa ya mama haikushuka.
Muuguzi Likwena alikwishavuta dawa kwenye sindano
mashine iliponiletea faili la hospitali ya misheni, kule mlimani:
mtoto wa miaka saba,
kijiji hichohicho, mzazi huyohuyo,
penisilini ilimvimbisha koo nusura afe.
Jina silo.
Pembeni, kwa maandishi ya njano, ikauliza:
Je, hawa ni mtu mmoja?

Jina silo, kwa kuwa lile aliliacha porini.
Mkoa mzima unalijua hili isipokuwa programu:
msichana akitoka unyagoni anatoka na jina jipya,
na ukimwita kwa la zamani umemtukana,
umemvua ukubwa wake mbele za watu.

Nikaenda wodini. Nikainama.
Sikulitamka.
Nililiandika kiganjani mwangu,
nikamfunulia kama anayeonyesha hirizi.
Akalitazama. Akamtazama mtoto.
Kisha akavishika vidole vyangu, kimoja kimoja,
akavikunja vikawa ngumi.

Likwena, nikasema, weka chini hiyo. Tafuta nyingine.

Kwenye skrini ni kitufe tu: Unganisha.
Nilibonyeza, nikaenda kufuta wino kwa spiriti.
Uligoma kutoka kwenye mistari ya mkono.

Asubuhi nikampigia Fidea.
Mmezifundisha kusema, nikamwambia, hongereni.
Sasa zifundisheni adabu.
Lile jina lisitokee kwenye cheti,
lisitokee kwenye dirisha la dawa
wanakoita watu kwa kipaza sauti.
Zilijue. Zisilitaje.

Akanyamaza kidogo. Inawezekana, akasema,
ila itabidi tuiandikie kanuni.

Iandikeni.
Sisi yetu tulifundishwa porini, bila karatasi,
na sijakutana na aliyeisahau.