Mstari wa Kusamehe

Saa kumi na nusu, Barabara ya Kumi na Nne,
adhana inaniamsha kabla ya jogoo.
Mzee Mbaruku anakwenda zake msikitini,
nami napiga magoti kando ya cherehani,
goti la kushoto likilia kama bawaba.

Sala ni ile ile. Nilifunzwa na bibi, kule Magila,
aliyeisema huku akichambua mchele.
Mwanzo nateleza tu: jina, ufalme, mapenzi.
Kwenye mkate nawaza unga, nawaza ada ya Tabitha,
narudi, naomba radhi, naendelea.

Halafu mstari wa kusamehe.
Hapo, miaka sita, uzi ulikuwa unakatika.
Hezroni, tumbo moja, ziwa moja,
aliuza shamba la Pongwe, minazi na kaburi la mama.
Nilikuwa naruka. Mungu wangu, nilikuwa naruka
kama mtu anavyoruka dimbwi asichafue kanga.

Sikuwa na maneno mazuri. Nilirudi tu.
Kila alfajiri: goti, sala, dimbwi.
Siku nyingine nililikanyaga, nikalia,
nikachelewa kuwasha mkaa.

Jana, saa sita, nikishona kifungo cha sare,
nikakumbuka: asubuhi nilifika hadi Amina,
na mstari ule sikuusikia ukipita.

Nikabana sindano mdomoni, nikatulia.
Nje mtu ananadi machungwa ya Muheza.
Shamba halijarudi. Hezroni hajapiga simu.
Nikachukua kifungo cha pili.